Kuipanga simu ya zamani ikufae wewe: Android 5 hadi 9

Simu iliyotoka mwaka 2015 au 2018 bado ina kazi kubwa ya kufanya, hasa ikirithiwa na mzee au mwanafunzi. Tatizo ni kwamba wengi wakishaipata huanza na picha ya kupamba skrini na mlio, wakaacha yale yanayokula betri na bando na yale yanayoanika siri. Anza na hayo mazito, mapambo yatafuata.

Ikiwa simu ilikuwa ya mtu mwingine, mwite akiwa bado yupo. Aingie Mipangilio, kisha Akaunti, aondoe akaunti yake ya Google kwa mkono wake, ndipo mfute kila kitu. Usikubali ifutwe kwa kubonyeza vitufe vya pembeni huku akaunti imo: tangu Android 5.1, simu iliyofutwa hivyo hudai nywila ya mwenyewe wa kwanza, na bila nywila hiyo hutapita. Ukimaliza, ingia Kuhusu simu utazame toleo. Android 4.4 na yaliyo chini yake yalikwisha kuachwa na WhatsApp Januari 2025, kwa hivyo simu ya aina hiyo ibaki ya kupiga na kupokea tu.

Lugha hubadilishwa kwenye sehemu yenye alama ya dunia au herufi A, na katika matoleo ya 8 na 9 imo ndani ya Mfumo. Chagua Kiswahili (Kenya). Ikumbuke alama hiyo kwa sura yake, kwa sababu siku mtoto atakapoigeuza simu kuwa Kichina, alama ndiyo itakayokurudisha. Hapo hapo iko kibodi: iongezee Kiswahili, la sivyo itakugeuzia kila neno kuwa la Kiingereza. Hata hivyo kibodi haijui Kiamu, Kiswahili cha Lamu. Ukiandika mtele (mchele) au mato (macho) itakusahihisha bila kuulizwa, basi yatie maneno yako ya kila siku kwenye Kamusi ya kibinafsi, au uzime kabisa usahihishaji wa kiotomatiki.

Saa inataka uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Simu ya zamani ambayo betri yake ilikauka kabisa inaweza kuamka na tarehe ya 1 Januari 1970. Tarehe ikiwa mbovu, WhatsApp na kivinjari hukataa kufunguka, kwa kuwa vyeti vya usalama vya tovuti vina mwanzo na mwisho wake, na simu huona havijaanza kufanya kazi. Wengi hudhani ni intaneti. Washa tarehe na saa za kiotomatiki, na saa za eneo ziwe Nairobi, GMT+3. Kisha washa muundo wa saa 24. Saa kumi na nusu ya daku ni 04:30 na saa kumi na nusu ya jioni ni 16:30. Ukitumia muundo wa saa 12, kengele ya daku huwekwa jioni kwa kosa la kitufe kimoja, na nyumba nzima ikalala.

Skrini sasa. Mwenye kungoja boti Mokowe, gati la bara la kuvukia Lamu, adhuhuri hataona kitu kama mwangaza uko nusu, na akiuacha juu kabisa mchana kutwa betri haitafika magharibi. Mwangaza unaojirekebisha ungefaa, ila hutegemea kihisi kidogo kilicho karibu na spika ya sikioni. Kioo cha ulinzi kinene au kisicho cha simu hiyo hukifunika, na skrini ikabaki giza juani. Dalili ya pili ya kioo kibaya ni skrini kuzimika wakati wa kupiga simu na isirudi ukiitoa sikioni. Kibandue ujaribu kabla ya kumlipa fundi. Skrini ikififia yenyewe baada ya simu kukaa juani ndani ya mashua, hiyo ni simu inayojilinda na joto: itoe kava, iweke kivulini, wala usiichaji hadi ipoe.

Muda wa skrini kuzimika uwe sekunde 30, au dakika 1 kwa msomaji wa polepole. Kwa mzee, ongeza ukubwa wa fonti hatua moja moja, ukifungua menyu ya M-Pesa kila hatua uone kama maneno hayakatiki. Mandhari nyeusi haiokoi betri kwenye skrini za LCD, ambazo ndizo zilizo kwenye simu nyingi za bei nafuu, kwani taa ya nyuma huwaka vile vile. Faida hiyo ni ya AMOLED peke yake, skrini ambazo kila nukta huwaka yenyewe. Mandhari zinazosogea ziache.

Kuhusu sauti, kitu cha thamani kuliko vyote ni Usinisumbue, inayonyamazisha simu kwa saa unazotaka, iliyopo kuanzia Android 6. Lamu iko nyuzi 2 na kitu kusini mwa ikweta, kwa hivyo nyakati za sala hazihami sana mwaka mzima, na ratiba ya saa maalumu inatosha bila programu ya ziada. Tengeneza ya Ijumaa, 12:15 hadi 13:45, na nyingine za sala za jamaa unazohudhuria. Ruhusu kengele, na ruhusu simu za wenye nyota pekee (anwani ulizozitia alama ya nyota), kisha mpe nyota mama, mke au mume, na anayekaa na watoto. Washa pia wanaorudia kupiga: mtu akipiga mara ya pili ndani ya dakika 15, simu italia. Kama una mgonjwa nyumbani, hiyo usiizime.

Siri za simu huvuja zaidi pale skrini inapokuwa imefungwa. Ujumbe wa M-Pesa huonyesha salio kwa kila aliyeketi karibu nawe. Weka kwanza PIN ya tarakimu 6, kisha kwenye Arifa chagua kuficha maudhui nyeti. Chaguo hilo halitokei kabla ya kuweka PIN. Andika na ujumbe wa skrini iliyofungwa wenye nambari ya ndugu. Usiandike yako, maana simu iliyosahaulika kwenye boti ya Shela haiwezi kujipigia. Ukifunga na laini kwa PIN, jua kwamba makosa 3 huleta PUK, nambari ya kuifungua laini iliyojifunga, na makosa 10 ya PUK huiua laini. Kadi ulipobandulia laini iwekwe vizuri, PUK iko hapo.

Bando huliwa na picha na video za makundi. Ndani ya WhatsApp, Hifadhi na data, ondoa alama zote kwenye upakuaji wa data ya simu. Play Store isasishe kwa Wi-Fi tu, na kwenye Android 7 kwenda juu washa Kiokoa Data.

Simu ikiwa nzito, kwanza acha angalau GB 1 wazi. Halafu kwenye Kuhusu simu gonga Nambari ya muundo mara 7, Chaguo za wasanidi programu zitafunguka. Shusha vipimo vitatu vya uhuishaji (miondoko ya skrini) hadi 0.5, na vingine vyote humo usiviguse. Programu za kusafisha simu zitoe. Nyingi hukaa zikifanya kazi chini kwa chini na kuleta matangazo.

Ndipo uchague mlio na picha. Zima simu, iwashe, washa Usinisumbue, umwombe mwenye nyota akupigie na asiye na nyota akupigie pia. Simu ikilia kwa wote wawili, rudi kwenye ratiba: huenda uliruhusu anwani zote badala ya zenye nyota.