Somo: Kichochoro cha usiku kwa rangi za mafuta

Tuchukue kichochoro cha Mji Mkongwe, Unguja: mvua imekatika, taa moja juu ya mlango. Turubai ya sentimita 40 kwa 50 inatosha. Rangi sita: nyeupe ya titani, njano ya kadmiamu, oka ya njano (njano ya udongo), siena ya kuchomwa (kahawia nyekundu), amba ya kuchomwa (kahawia iliyokoza) na bluu ya ultramarini.

1. Zimua amba kwa tapentaini iwe kama chai ya rangi, paka turubai nzima. Kabla haijakauka, futa kwa kitambaa panapopigwa na taa: ukuta, ukingo wa baraza, maji ya njiani. Acha siku moja.

2. Giza ni ultramarini mbili kwa amba moja. Angani zidisha bluu, chini ya baraza zidisha amba. Paka jembamba.

3. Ukuta ndio kazi yenyewe. Chokaa usiku si nyeupe. Jirani na taa weka oka na titani kidogo, kisha oka tupu, kisha siena, kisha amba, hadi inazama kwenye bluu. Zikiwa mbichi, pitisha brashi laini na kavu kwenye mipaka, mara mbili basi. Ya tatu inaleta tope.

4. Mwako wa taa majini hushuka wima, haulali upande. Uvute chini kwa brashi bapa, ukatishe kwa mistari michache ya mlalo. Uwe hafifu kuliko taa.

5. Taa mwisho: titani na chembe ya njano, nene, kwa ncha ya kisu, kama punje ya mchele. Usiiguse tena.

Maswali

*Mwalimu, mbona taa yangu ni kama doa la chokaa?*
Ukuta wako umeshakula weupe wote. Shusha weupe wa ukuta, taa iache ilivyo.

*Giza limekauka mabaka mabaka, kwingine halina mng'ao.*
Tabaka la chini limenywa mafuta. Likishakauka, sugua mafuta ya kitani na tapentaini, nusu kwa nusu, kisha ufute yabaki kama unyevu tu.

*Nyeusi ya tyubu je?*
Nyeusi ya pembe, ile ya kawaida ya tyubu, hukawia kukauka. Ukiifunika mapema kwa rangi inayowahi, juu patapasuka. Tena usiku wake hauna kina, unafanana na masizi.

*Vanishi lini?*
Baada ya miezi 6 hivi. Ile punje ya taa ndiyo ya kuangalia kama imekauka, ni nene kuliko pengine pote.