Namna ya Kugeuza Chumba Kuwa Kamera Mjini Iringa

Ukikaa mchana ndani ya nyumba iliyoezekwa kwa bati la zamani, utaona viduara vya mwanga vikisogea polepole sakafuni, kila kimoja kikiwa kimetoka kwenye tundu la msumari uliolegea. Tundu lenyewe huwa limechanika ovyo, lakini mwanga unaofika chini ni wa mviringo, kwa sababu kila kiduara ni picha ya jua. Tundu dogo lililo mita 3 juu ya sakafu hutoa picha yenye upana wa karibu sentimita 3, na wingu likipita mbele ya jua, kivuli chake hukatiza kiduara hicho kikielekea upande ulio kinyume na mwendo wa wingu. Tarehe 1 Septemba 2016, watu walipokusanyika Rujewa wilayani Mbarali kushuhudia kupatwa kwa jua kipete, yaani mwezi ulipoziba katikati ya jua na kuacha pete ya mwanga, mianya ya majani ya miti nayo ilikuwa na kazi hiyohiyo: viduara vya kila siku chini ya kivuli viligeuka pete.

Kinachowezekana kwa jua kinawezekana pia kwa mti, mlima na nyumba ya jirani. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo ule unaotoka kileleni mwa mti, ukipita kwenye tundu, huangukia chini ya ukuta wa ndani, na ule wa shinani huangukia juu. Ibn al-Haytham, mwanazuoni aliyezaliwa Basra, aliichunguza tabia hii ya mwanga katika karne ya 11, na neno kamera lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya chumba. Picha za nje huingia nyumbani mwetu kila siku kupitia dirishani. Hatuzioni kwa sababu dirisha lililo wazi huziingiza nyingi mno zikapandana, na kazi yetu ni kuziba hadi ibaki moja.

Anza kwa kuchagua dirisha, maana hapa ndipo watu wengi hukosea. Vitu vya nje ndivyo vinavyopaswa kupigwa na jua, wala si dirisha lako. Asubuhi tumia dirisha linalotazama magharibi, na alasiri lile la mashariki. Mwezi Juni na Julai, anga letu linapokuwa safi, jua la mchana huwa upande wa kaskazini, kwa hiyo dirisha la kusini hukuonyesha miti na majabali yakiwa yameangazwa vizuri upande unaokuelekea. Ukuta ulio mkabala na dirisha uwe mweupe, au utundikwe shuka jeupe.

Ziba dirisha kwa maboksi yaliyofunguliwa, kisha funika kwa nailoni nyeusi au blanketi zito, na usisahau uwazi wa chini ya mlango. Ufa mwembamba kuliko kijiti cha kiberiti unatosha kufifisha picha. Kwa kuwa miezi hiyo ni majira ya baridi, mtu anaweza kushawishika kuingiza jiko la mkaa ili apate joto. Usifanye hivyo kamwe, kwa maana chumba kilichozibwa namna hii hujaa gesi ya mkaa inayoua bila harufu.

Katikati ya kizuizi kata uwazi mkubwa kiasi, kisha uzibe kwa kipande cha kopo la soda kilichotobolewa tundu la sentimita 1. Ubao mnene haufai, kwani tundu lake huwa kama bomba na hukata mwanga unaotoka pembeni. Zima taa, weka simu mbali, na usubiri dakika 10 macho yazoee giza. Mti wa mita 6 uliosimama mita 30 kutoka dirishani utaonekana ukiwa na urefu wa sentimita 60 kwenye ukuta ulio mita 3 kutoka kwenye tundu, kichwa chini, na matawi yake yakiyumba kwa upepo uleule wa nje. Ukipanua tundu, picha itang'aa zaidi lakini itapoteza ukali. Ukilipunguza, itakuwa kali lakini hafifu. Jaribu mara kadhaa, kwa kuwa chumba kimoja hakifanani na kingine.

Mimi nilivutiwa zaidi nilipoweka lenzi. Chukua miwani ya kusomea yenye namba +1.00, upanue tundu hadi sentimita 2, uweke lenzi moja hapo, na utundike shuka jembamba umbali wa mita 1. Miwani ya kuonea mbali, yenye alama ya kutoa, haitafanya kazi. Hakikisha jua halipigi lenzi moja kwa moja, kwa sababu linaweza kuchoma kitambaa, na usilitazame jua kupitia lenzi wala tundu.

Sasa tundika khanga yenye jina kwenye kamba ya nguo, mita 5 kutoka dirishani. Kitu cha karibu hutaka shuka lirudi nyuma, hadi karibu mita 1 na robo, kwa hiyo lisogeze taratibu mpaka herufi zitulie. Ipige picha kwa simu iliyoegemezwa juu ya kigoda, kwanza ukiwa kati ya dirisha na shuka, kisha ukiwa nyuma ya shuka, na uzizungushe picha zote mbili nusu mzunguko ili juu pawe chini. Katika ya kwanza maandishi yatakuwa kama yanavyoonekana kwenye kioo, hayasomeki. Katika ya pili jina la khanga litasomeka sawasawa, herufi kwa herufi.