Kabla hujanunua mashine ya makasia, tandika kanga sebuleni

Mashine yangu ya kwanza ya kupiga makasia, ile ya kufanyia mazoezi nyumbani kama mtu anayepiga makasia mtumbwini, ilidumu miezi minne. Niliinunua Kariakoo kwa shilingi 420,000, ile ndogo yenye mikono miwili na mitungi ya mafuta mfano wa shokapu za pikipiki. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hiki chuma, utazeeka kikuache." Nikavuta mara tano palepale mlangoni, nikaona nzito, nikalipa. Nyumbani ndiyo nikajua kwamba mafuta ya zile shokapu yakipata moto, uzito unalegea. Dakika ya nane nilikuwa kama navuta kamba ya chandarua. Mwezi wa nne moja ikavuja mafuta kwenye zulia la mama watoto. Mimi ni fundi wa friji, nakula kwa kuziba vinavyovuja, lakini ile ilinishinda: imebanwa kiwandani, haifunguki kwa spana wala kwa matusi.

Kwa hiyo usiijaribu mashine kwa mivuto mitano. Vua viatu, kaa, vuta dakika kumi mfululizo. Muuzaji akinuna, mwache anune.

Hata kabla ya dukani, pima nyumba. Sisi tunakaa Tabata, ghorofa ya pili, sebule ya kubanana. Mashine nyingi za maana zinakaribia mita mbili na nusu kwa urefu, na mpigaji anahitaji nafasi ya kujilaza nyuma. Chukua doti ya kanga ambayo haijakatwa, itandike sakafuni. Ikikaa imenyooka bila kupanda kwenye kochi wala kuziba mlango, mashine itaenea. Kwetu ilibidi meza ya televisheni ihame, na mazungumzo ya kuihamisha yalichukua muda kuliko kutafuta hela.

Ukiziweka kando hizo za shokapu, zinabaki aina tatu. Ya sumaku haina kelele, inawafaa wenye mtoto mchanga au jirani mkali, ila uzito wake unaupanga wewe kwa kitufe au kipini; ukivuta kwa nguvu zaidi, yenyewe haikujibu sana. Ya maji ina tangi lenye mapanga ndani, mlio wake mtamu kama mtumbwi unaokata maji, na ile ya mbao inapendeza hata ikiwa imesimama tu. Lakini maji yake yanataka vidonge vya kuyatibu yasiote ukijani, na kama mtaani kwenu mnatumia kisima cha maji ya chumvi, usithubutu kuyamwaga mle. Ya tatu ni ya upepo: gurudumu lenye feni. Kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo inavyokuwa nzito. Inavuma kweli, usiiwashie saa kumi na moja alfajiri juu ya kichwa cha mpangaji wa chini. Mimi nilichagua hii, kwa sababu kila kitu chake nakiona: mnyororo, beringi, boliti.

Sasa hela. Inayojulikana zaidi kwa upepo ni Concept2, ya kampuni ya Vermont, Marekani, iliyotoa mashine yake ya kwanza mwaka 1981. Mpya, kule kwao, inacheza kwenye dola 1,000. Usizidishe kwa kiwango cha benki ukadhani umemaliza hesabu. Ongeza usafiri, bima, ushuru wa forodha, kisha VAT ya 18% inayopigwa juu ya jumla ya hivyo vyote, halafu wakala wa bandarini naye ale. Mwombe wakala akuandikie makadirio kabla hujaagiza.

Mimi nilikwenda njia ya mtumba. Familia moja ya wageni ilikuwa inafungasha Msasani, tukamalizana kwa 1,350,000. Nilipofika niliikagua kama compressor ya friji ya mtu. Nilipitisha kidole kwenye reli, ule mhimili ambao kiti huteleza juu yake: mikwaruzo ni mibaya, vumbi si kitu. Nilivuta mnyororo polepole mpaka mwisho nikautazama pingili kwa pingili, maana upepo wa bahari haumwachi mtu, na nikakuta kutu ya juujuu tu. Nikauachia kidogo kidogo: ulirudi kwa uvivu, ikimaanisha mpira wa ndani unaourudisha umelegea. Huo hukazwa, kwa hiyo nikatumia hoja hiyo kushusha bei. Mwisho nikamulika tochi ndani ya feni. Ilikuwa na vumbi la kutosha kupanda mchicha.

Ina kilo 26 hivi, kama nusu mfuko wa saruji, na inatengana vipande viwili. Bajaji moja iliibeba, reli imetokeza pembeni, dereva akidai elfu tano ya "usumbufu". Nilimpa.

Gharama za kila siku ni ndogo. Kompyuta yake, kile kioo kidogo cha kuhesabia mivuto, inatumia betri mbili kubwa za tochi, hivyo umeme ukikatika naendelea, ingawa bila feni ya dari najuta. Kila nikimaliza nafuta reli kwa kitambaa chenye unyevu, jasho likikaukia pale kiti kinaanza kurukaruka. Mnyororo naupaka mafuta mepesi kila baada ya saa hamsini za kuvuta; kwa pwani yetu mimi siusubiri muda huo ufike. Usitumie grisi, inakamata vumbi.

Kitu kimoja cha mwisho, kwa sababu shemeji yangu alikikosea siku ya kwanza. Pembeni mwa feni kuna kipini chenye namba 1 hadi 10. Akakisukuma hadi 10, "weka ya wanaume", akavuta kwa mikono na mgongo, kesho yake akaenda kazini amepinda. Namba ile inaruhusu hewa tu, nguvu unaileta mwenyewe. Weka 3 au 4, sukuma kwa miguu kwanza, mgongo ufuate, mikono iwe ya mwisho. Kurudi, kinyume chake: mikono, mgongo, magoti.