Kuhamisha kurasa za kumbukumbu ndani ya kerneli ya Linux bila kuharibu data

Mwongozo huu unahusu kurasa (vipande vya kumbukumbu vya ukubwa maalumu) ambazo programu inaendelea kuzitumia wakati zinapohamishwa. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi, ina utaratibu huo tangu toleo 2.6.16 la mwaka 2006, nami nashauri uite `migrate_pages()` badala ya kubuni njia yako; hatua 2 hadi 5 hapa chini ndizo kazi inazofanya. Kurasa za slab (zinazohifadhi data ya kerneli yenyewe) usiziguse, kwa kuwa kerneli huzifikia moja kwa moja kwa anwani zake.

Hatua ya 1. Safisha akiba za kila kichakataji kwa `lru_add_drain_all()`, kisha utoe ukurasa kwenye orodha ya LRU (inayopanga kurasa kwa jinsi zilivyotumika karibuni).

Hatua ya 2. Ufunge kwa kufuli, na kama unaandikwa diskini, subiri uandishi uishe.

Hatua ya 3. Kila ingizo la jedwali la kurasa (linalounganisha anwani za programu na kurasa) linaloelekea kwenye ukurasa huo libadilishwe liwe ingizo la uhamisho, yaani alama kwamba ukurasa unahamishwa, na TLB (akiba za kichakataji za tafsiri za anwani) zisafishwe. Uzi (thread) utakaougusa ukurasa wakati huo utasubiri.

Hatua ya 4. Linganisha hesabu ya marejeo (idadi ya wanaoushikilia ukurasa) na ile inayotarajiwa. Hapa ndipo saa nyingi hupotea. Ukurasa mmoja wa faili, usio na data ya ziada ya mfumo wa faili, unatakiwa kubaki na marejeo 2: moja ni lako uliyeutoa kwenye LRU, la pili ni la akiba ya kurasa (page cache, inayoweka data ya faili kwenye kumbukumbu). Ukikuta 3, yupo anayeushikilia bila kupitia jedwali la kurasa, pengine kifaa kinachoandika kwa DMA (moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia kichakataji), ambacho kitaendelea kuandika kwenye ukurasa wa zamani hata baada ya wewe kunakili. Kulinganisha na kuigandisha hesabu kuwe tendo moja lisilogawanyika, `folio_ref_freeze()`, huku kufuli la akiba ya kurasa likiwa mkononi. Ukitenganisha, msomaji asiyetumia kufuli atapenya katikati. Hesabu isipolingana, rudisha `-EAGAIN` (msimbo wa kosa wa kusema "jaribu tena") ili ijaribiwe tena, maana mshikaji wa muda mfupi huachia mwenyewe. Kamwe usiongeze namba inayotarajiwa ili jaribio lipite. Anayehitaji kushikilia kwa muda mrefu atumie bendera ya `FOLL_LONGTERM`, ambayo huondoa kwanza ukurasa kwenye `ZONE_MOVABLE` (eneo la kurasa zinazohamishika) kabla ya kuubana.

Hatua ya 5. Yaliyomo na bendera (alama za hali ya ukurasa) yakishafika kwenye ukurasa mpya, rejesha maingizo, fungua kufuli, urudishe LRU.

Hatua ya 6. Jenga kerneli yenye `CONFIG_DEBUG_VM` (ukaguzi wa ziada wa kumbukumbu), iendeshe chini ya mzigo mzito, andika 1 kwenye `/proc/sys/vm/compact_memory` ili kerneli ipange upya kumbukumbu kwa kuhamisha kurasa, kisha usome `pgmigrate_success` na `pgmigrate_fail` katika `/proc/vmstat`. Ya pili ikipanda huku ya kwanza ikisimama, rudi hatua ya 4.