Kufungua shule wakati wa ugonjwa: anzeni na madirisha, kipima joto kifuate

Mimi ni mwalimu wa praimari huku Kilifi, pwani ya Kenya, na 2020 nilikuwa kwenye kamati ya kuwarudisha watoto shule. Korona ilikuwa imetufungia tangu Machi. Oktoba 12 tukafungua kwa gredi 4 na darasa la nane peke yao (sekondari ikawa fomu 4), wengine wote wakaja Januari 4, 2021. Naandika haya kwa walimu wenzangu na wazazi walio kwenye bodi za shule manake mlipuko mwingine utakuja tu, na yale tuliyoyakosea sisi nyinyi msiyarudie.

Kabla hamjanunua chochote, ulizeni huu ugonjwa unapita wapi. Mtu wa ebola huambukiza akishaanza kuumwa, ndio maana Guinea, Liberia na Sierra Leone walipofungua shule kati ya Januari na Aprili 2015 kupima joto getini kulikuwa na maana sana. Korona mtu anaambukiza siku moja mbili kabla hajaskia homa, na watoto wengi hata hawaumwi, kwa hivyo kipima joto kinampitisha tu. Kipindupindu nacho kiko kwenye maji na choo. Sisi hatukuuliza. Pesa ile kidogo ikaenda kwa kile kibunduki cha kupima joto, watoto wamekuja kwa miguu jua limewachoma usoni kinasoma juu, tunawakalisha kivulini tunapima tena, foleni inafika barabarani wamebanana bega kwa bega, na kule darasani madirisha ya nyuma yamepigiliwa mbao tangu siku wezi walipoiba vitabu.

Kwa hivyo kwa ugonjwa wa hewa anzeni na hewa. Pita darasa moja moja na kalamu, hesabu madirisha yanayofunguka kweli kweli, na yawe pande zote mbili upepo uingie huku utokee kule. Mimi nilifanya hivi: nilichukua chetezo cha nyumbani nikaweka ubani katikati ya darasa tupu nikakaa nyuma nikaangalia. Darasa la kwanza moshi ulinyooka ukatoka dirishani. Darasa la tatu ulipanda ukakwama chini ya mabati pale pale, dakika nyingi, hadi macho yakaanza kuniwasha, nikajiambia hiki ndicho wanachopumua watoto sabini kuanzia asubuhi hadi mchana. Tuliita fundi akang'oa zile mbao akaweka wavu wa chuma, mwizi hapiti upepo unapita, na gharama haikuwa kubwa hata. Kuimba na kusoma kwa pamoja kwa sauti pelekeni nje chini ya mwembe, manake mtoto akipaza sauti anatoa pumzi nyingi zaidi. Mvua za vuli zikianza mtarudi ndani, sawa, lakini hata kama kunanyesha acheni madirisha ya upande usiopigwa na mvua wazi.

Nafasi. Ile Oktoba tuliweza kwa sababu watoto walikuwa wachache na madarasa yalikuwa matupu, tukawagawanya. Januari walipokuja wote nafasi ikaisha siku ya kwanza. Basi pangeni ya wakati wote wamerudi, zamu ya asubuhi na ya mchana ama siku kwa siku, na wazazi waambiwe mapema nani anakuja lini.

Maji fanyeni hesabu, msikisie. Kunawa vizuri na sabuni ni kama sekunde 40 kuanzia kulowesha hadi kusuuza. Watoto 400 kwa mifereji minne ni zaidi ya saa nzima, masomo yameliwa. Mkiwa na sehemu kumi inashuka chini ya nusu saa, na si lazima ziwe mifereji, kibuyu chirizi kinatosha, ule mtungi unaoning'inizwa mtoto anakanyaga kijiti maji yanatoka bila kushika kitu. Nusu lita kila mtoto mara nne kwa siku ni lita 800, yaani mitungi 40 ya lita 20, sasa ongeeni na mwenye mkokoteni kabla ya siku ya kufungua. Sabuni ya kipande inapotea, chukua sabuni ya unga gramu 30 changanya kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko. Ya kupangusa madeski na milango, Jik ya asilimia 3.5 kipimo kimoja kwa vipimo 34 vya maji, ichanganywe kila siku upya, isichanganywe na dawa nyingine ya choo, na jameni msimpulizie mtoto mwilini.

Kikombe cha uji kila mtoto aje na chake, kiandikwe jina.

Zawadi ya asiyekosa shule futeni mwaka huo, manake inamleta mtoto akiwa na homa. Mtoto anayekohoa asichekwe wala kuitwa korona, mwalimu akisikia asimamishe somo aongee hapo hapo. Na sisi walimu tuangalie ofisi yetu, watu wazima kumi na wawili kwenye chumba kimoja, chai, barakoa mfukoni. Huko ndiko nilikokuwa na wasiwasi zaidi.

La mwisho ni daftari la mahudhurio. Wiki ya kwanza lisomeni majina na mkawatafute nyumbani kwao wale wasiorudi shule, msingoje. Msichana mwenye mimba ama aliyejifungua ana haki ya kurudi, mwambieni hivyo mbele ya wazazi wake. Mwanafunzi wangu mmoja nilimkuta anapakia mchanga kwenye lori, miezi tisa na zaidi, mikono imekuwa migumu. Aliniuliza kama darasa lake bado lipo. Alikuja Jumatatu na barakoa ambayo mamake alishona kwa kipande cha leso, nikampa deski la karibu na dirisha, na tukaanza na hesabu za sehemu pale alipoachia Machi.