Kuomba viza ya mwanafunzi wa Uingereza ukiwa kazini Dubai

Kazi yangu ni kuwasaidia Waafrika Mashariki walioko Dubai na Abu Dhabi kupanga maombi ya vyuo vya Uingereza: wahasibu, manesi, wapokezi wa hoteli, walinzi, vijana wa maghala ya Jebel Ali. Karibu wote huja na maswali ya fomu. Fomu ni jambo dogo, aliyezoea kujaza maombi ya kazi ataimaliza jioni moja. Kinachomsumbua mtu aliyeajiriwa ugenini ni kujua kipi kitangulie kipi. Ukaazi wako umeshikwa na ajira, pesa ya karo inatoka kwenye ajira hiyohiyo, na chuo hakimsubiri mtu. Ukipanga vibaya unaweza kujikuta huna kazi, viza haijatoka, na siku zako za kukaa nchini zinahesabiwa.

Nitamfuata Mtanzania au Mkenya aliye Dubai anayetaka kusoma uzamili wa mwaka mmoja kuanzia Septemba. Aliyeko Doha au Muscat, upande wa Uingereza ni uleule. Sheria za kazi aziulizie hukohuko aliko.

Hatua ya 1: Jua masharti yapi yanafuata pasipoti na yapi yanafuata makazi

Huhitaji kurudi Dar es Salaam wala Nairobi kuomba viza hii. Unaomba ukiwa hapohapo, na alama za vidole unapigwa katika kituo cha viza cha Dubai au Abu Dhabi. Ila kuishi Dubai hakubadilishi uraia wako. Usimwige mfanyakazi mwenzako wa taifa jingine anayekwambia kwamba yeye hakudaiwa taarifa ya benki. Nchi yake huenda ipo kwenye orodha ya wanaopunguziwa nyaraka. Tanzania na Kenya hazipo.

Kipimo cha kifua kikuu ndicho kinachofuata makazi. Mtu anayeomba kutoka Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo kwa ajili ya kukaa zaidi ya miezi 6 lazima apime kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Falme za Kiarabu hazimo katika orodha hiyo. Ukiwa umeishi huku miezi 6 au zaidi, na hujatoka kwa zaidi ya miezi 6, hupimwi. Hii inamfaa hata aliyekwenda likizo nyumbani akaamua kuombea huko, mradi awe na ushahidi: kitambulisho cha ukaazi, mkataba, mihuri ya pasipoti. Aliyefika Dubai juzijuzi msamaha huu haumhusu.

Hatua ya 2: Soma mkataba wako wa kazi kabla ya kuandikia chuo

Tafuta kifungu cha notisi. Sheria ya kazi ya Falme za Kiarabu, namba 33 ya mwaka 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inataka notisi isiyopungua siku 30 na isiyozidi 90. Namba iliyoandikwa kwenye mkataba wako ndiyo itakayoamua mambo mengi huko mbele.

Mwenye notisi ya siku 30 ana nafasi. Anaomba viza katikati ya Julai, jibu la kawaida huchukua wiki 3, anapeleka barua ya kuacha kazi mwanzoni mwa Agosti, anaondoka mwanzoni mwa Septemba. Mwenye notisi ya siku 90 hesabu yake haitoshi. Ana njia tatu: azungumze na mwajiri apunguziwe, alipe fidia ya siku ambazo hatazifanyia kazi, au aombe muhula wa Januari kwa vyuo vinavyoupokea. Kwa maoni yangu Januari ni bora kuliko kuacha kazi kwa kubahatisha. Watu huudharau muhula huo bila sababu.

Na kama unashikilia ukaazi wa mke au mume na watoto, kaeni mzungumze sasa, kabla hata senti moja haijatoka. Tangu Januari 2024 mwanafunzi wa uzamili wa kufundishwa darasani haruhusiwi kwenda Uingereza na familia. Walioruhusiwa ni kama wale wa shahada za utafiti na wanaofadhiliwa na serikali. Ukaazi wa familia Dubai nao unafutwa kabla ya wako. Kwa wengi maana yake ni familia kurudi nyumbani mwaka mzima, na watoto kuhama shule.

Hatua ya 3: Vyeti

Vyeti vingi viko kwenye sanduku la mama Morogoro au Kakamega. Agizia vije na mtu unayemwamini au kwa kampuni ya vifurushi, na kabla havijasafirishwa vipigwe picha safi kurasa zote. Utakavyovihitaji ni vile chuo kitakavyovitaja kwenye uthibitisho wake wa udahili, kwa kawaida shahada ya kwanza na matokeo yake. Ukitumia pesa za mzazi, ongeza cheti cha kuzaliwa. Hati isiyo ya Kiingereza itafsiriwe na mfasiri anayeweka jina, sahihi, tarehe na mawasiliano yake, na hapa zihesabu pia karatasi za Kiarabu ulizopewa huku.

Tazama pia tarehe ya mwisho ya pasipoti. Mtanzania anahudumiwa ubalozini Abu Dhabi au ubalozi mdogo wa Dubai. Ubadilishe kabla ya kuomba viza, kwa sababu viza itaunganishwa na namba ya pasipoti.

Hatua ya 4: Udahili, amana, na CAS

Chuo kikikukubali kitakupa barua yenye masharti au isiyo na masharti. Barua hiyo haiombei viza. Unachohitaji ni CAS, namba ya uthibitisho ambayo chuo chenye leseni hukutolea baada ya kutimiza masharti, na mara nyingi baada ya kulipa amana. Viza inahesabiwa kwa pointi 70: CAS ina 50, fedha 10, Kiingereza 10.

Kiingereza kisikutie hofu wala kukuharakisha kulipia mtihani. Kwa ngazi ya shahada, chuo chenyewe kinaruhusiwa kuthibitisha kwamba Kiingereza chako kinatosha, na kikiandika hivyo kwenye CAS jambo limekwisha. Uliza kwanza.

Wanaokwenda kusoma baadhi ya masomo ya sayansi na uhandisi huhitaji pia cheti cha ATAS, yaani kibali cha serikali ya Uingereza cha kusoma masomo nyeti kiusalama. Ni bure, lakini huchukua wiki nyingi, kwa hiyo kiombwe siku chuo kinapokwambia unakihitaji.

Hatua ya 5: Fedha

Hapa ndipo maombi mengi mazuri yanapokufa, na wenye mishahara mikubwa hawamo salama.

Unatakiwa uonyeshe karo iliyobaki ya mwaka wa kwanza pamoja na pesa ya kujikimu hadi miezi 9. Viwango vilivyoanza Novemba 2025 ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa London na pauni 1,171 nje ya London. Nje ya London, miezi 9 ni pauni 10,539. London ni pauni 13,761. Tuchukulie karo ni pauni 17,000 nje ya London, umelipa amana 5,000 na chuo kimeiandika kwenye CAS. Unadaiwa kuonyesha 12,000 jumlisha 10,539, yaani pauni 22,539.

Pesa hiyo ikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango hata siku moja, na taarifa ya benki iwe imeishia ndani ya siku 31 kabla ya siku unayolipia maombi. Mshahara wako wa mwezi ujao hauhesabiwi. Kiinua mgongo nacho hakihesabiwi, kwa sababu hulipwi mpaka uache kazi, na kazi hujaiacha. Wengi huwa wamekipigia hesabu hicho tangu mwanzo.

Usiiweke pesa hii kwenye akaunti ya mshahara. Akaunti hiyo inakatwa kadi ya mkopo, kodi ya chumba na laini ya simu. Halafu inapigwa simu ya usiku kutoka nyumbani kwamba mtoto amerudishwa kutoka shule kwa kukosa ada. Unatuma shilingi laki tano ukidhani utazirudisha mshahara ukiingia, na siku 28 zinaanza upya. Fungua akaunti ya akiba ya jina lako, ihamishie pesa yote, kisha isahau.

Kiwango hupimwa kwa pauni, na akaunti yako ni ya dirhamu. Dirhamu imefungwa kwenye dola, lakini pauni hupanda na kushuka, na maofisa hutumia viwango vya siku ya maombi vya OANDA, tovuti ya viwango vya kubadilishia fedha. Ongeza asilimia 10 juu ya kiwango. Mtu kukosa viza kwa upungufu wa pauni 40 ni jambo linalotokea kweli.

Pesa iwe yako au ya mzazi au mlezi wako wa kisheria. Ya mzazi inahitaji cheti cha kuzaliwa, barua yake ya ridhaa na taarifa ya benki yake. Kaka, shangazi, mjomba aliyekusomesha, hata kama ndiye baba kwako, akaunti yake haipokelewi. Akuhamishie pesa mapema iingie kwenye yako. Zamu ya upatu nayo inafaa, ila ichukue kabla ya siku 28 kuanza na uweke kumbukumbu, kwa maana ofisa anaweza kukuuliza salio limetoka wapi.

Kuna watu mtaani Deira, hapa Dubai, wanaokuazimisha salio kwa malipo, wakiweka pesa kwenye akaunti yako kwa mwezi mmoja. Waepuke. Ukibainika umetumia nyaraka za uongo unaweza kufungiwa miaka 10.

Hatua ya 6: Jaza na ulipe

Unaruhusiwa kuomba hadi miezi 6 kabla ya masomo kuanza. Fomu iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, na hakuna haja ya kumlipa mtu akufungulie. Itauliza safari zako za miaka 10, kwa hiyo andika pembeni tarehe za mihuri yote kwanza. Itauliza pia kama umewahi kunyimwa viza nchi yoyote. Sema kweli, hata kama ni ya Kanada ya miaka mingi iliyopita.

Ada ya viza hupandishwa mara kwa mara, hasa Aprili. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 524. Juu yake kuna malipo ya huduma za afya, pauni 776 kwa mwaka. Viza ya kozi ya miezi 12 huongezwa miezi mingine kabla na baada ya masomo, kwa hiyo unalipia mwaka na nusu, pauni 1,164, kwa mkupuo. Piga simu benki yako siku moja kabla wakuongezee kikomo cha kadi, na usilipe kwa akaunti iliyo ndani ya siku 28.

Hatua ya 7: Kituo cha viza na mahojiano

Kituoni hakuna mengi. Fika na pasipoti, kitambulisho cha ukaazi na karatasi ya miadi. Nyaraka unazipandisha mtandaoni kabla.

Jiandae kwa mahojiano, ya chuo au ya maofisa wa viza. Mtu mwenye kazi nzuri huulizwa swali ambalo kijana wa miaka 22 haulizwi: kwa nini uache mshahara ukasome? Jibu la "kuongeza elimu" halimwambii ofisa chochote. Mpokezi wa hoteli anayekwenda kusoma uendeshaji wa hoteli aseme nafasi anayoilenga, masomo mawili matatu ya kozi yanayoijenga nafasi hiyo, na kwa nini chuo hicho na si tawi la chuo cha Uingereza lililopo hapahapa Dubai, maana matawi hayo yapo na ofisa anajua. Barua ya mwajiri inayoonyesha cheo na mshahara husaidia, hata pale isipodaiwa.

Usijibu kwamba utajilipia kwa kufanya kazi ukifika. Mwanafunzi wa shahada huruhusiwa kufanya kazi saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo, biashara binafsi haruhusiwi, na kazi ya mtandaoni kwa mwajiri wako wa Dubai nayo inahesabiwa ndani ya saa hizo.

Hatua ya 8: Jibu likitoka

Ukinyimwa, malipo ya afya hurudishwa, ada ya viza hairudi. Una siku 28 za kuomba uamuzi upitiwe upya kama ofisa amekosea, au unarekebisha tatizo na kuomba tena. Kazi yako bado ipo, mshahara unaingia.

Ukipata, viza sasa ni ya kielektroniki. Ingia kwenye akaunti yako ya uhamiaji, hakiki jina, tarehe na namba ya pasipoti. Baada ya hapo ndipo uandike barua ya kuacha kazi.

Hatua ya 9: Funga mambo ya Dubai

Kiinua mgongo kwa aliyemaliza mwaka mmoja au zaidi ni mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka 5 ya kwanza, na siku 30 kwa miaka inayofuata. Mwajiri anapaswa kukulipa ndani ya siku 14 baada ya mkataba kuisha. Karatasi ya kufuta kibali cha kazi huwa na maneno kwamba umepokea haki zako zote; isome kabla ya kusaini, na kama pesa haijaingia, sema.

Lipa kadi na mkopo, uchukue barua ya benki kwamba hudaiwi. Benki inaweza kuzuia akaunti ikijua kazi imeisha huku una deni, na deni lililofika mahakamani linaweza kukuzuia uwanja wa ndege. Pasipoti ikiwa kwa mwajiri, idai. Kuishikilia ni kinyume cha sheria.

Vyeti na nakala ya CAS viwe kwenye begi la mkononi. Akiba yako ipeleke kwa njia ya benki, na ukibeba taslimu ya pauni 10,000 au zaidi, itangaze kwa forodha ya Uingereza kabla ya kuingia.