Namna ya kuisikiliza Back Stabbers ya The O'Jays kwa masikio ya mwanakwaya (wadau wa Tabora mpo?)

Mwangaluka wadau. Hii ni kwa wanakwaya wa Tabora na yeyote mwenye kikundi cha kuimba, uwe Isevya, Ng'ambo, Kiloleni, popote, ambaye anaona sauti za kikundi chake zinatembea zote pamoja mwanzo mpaka mwisho na hajui afanye nini wimbo uchangamke. Kuna albamu ya mwaka 1972 inaitwa Back Stabbers, ya kikundi cha soul (muziki wa Wamarekani weusi uliotokana na gospo) cha Marekani, The O'Jays, na mi naamini kabisa ni darasa la kupanga sauti, ila lazima ujue kuisikiliza, ukiiweka tu wakati unafua nguo utatikisa kichwa halafu basi.

Kwanza wajue ni kina nani, maana inasaidia. Hawakuwa wageni wa kazi walipoingia studio. Walianza 1958 mji wa Canton, Ohio, vijana watano wa sekondari, na Eddie Levert na Walter Williams walikuwa wameshaimba gospo pamoja tangu utotoni, yaani malezi yao ni yale yale ya kwetu. Waliitwa Triumphs, wakaitwa Mascots, hili jina la O'Jays limetoka kwa mtangazaji wa redio wa Cleveland, Eddie O'Jay. Wakahama lebo, yaani kampuni za kurekodi, wenzao wawili wakaondoka, hadi 1972 wamebaki watatu, Levert, Williams na William Powell, na wana miaka 14 ya kuimba pamoja. Ndo wakarekodi hii kwenye lebo ya Philadelphia International ya Kenny Gamble na Leon Huff, studio ya Sigma Sound, Philadelphia, wakipigiwa na wanamuziki wa MFSB, bendi ya studio hiyo. Kwa hiyo unachosikia ni watu wanaojuana pumzi, mmoja akivuta hewa mwenzie anajua anaingia wapi.

Kuipata siyo kazi. Kaa sehemu yenye waifai au subiri bando la usiku ushushe albamu nzima, usiokoteze nyimbo mbili tatu. Angalia mambo mawili: ziwe nyimbo 10, na ianze na When the World's at Peace imalizie na Love Train. Mikusanyiko ya nyimbo zao ipo mingi sana na imevuruga mpangilio, na mpangilio ndo tunaoutaka hapa. Ukishaipata iweke kwenye flashi au memori kadi, umeme ukikatika bado una simu.

Sasa kusikiliza. Mara ya kwanza piga yote bila kukatisha, haifiki hata saa nzima. Kama unatumia sabufa PUNGUZA BESI tafadhali, najua mtaani tunapenda ukuta utetemeke lakini besi ya sabufa inameza sauti za katikati na hizo ndo tumezifuata. Wazime simu wengine, kaeni kimya. Usichambue chochote, ona tu safari ilivyopangwa, kuna nyimbo za moto halafu Who Am I inakutuliza, halafu 992 Arguments inakuamsha tena na ugomvi wa mtu na mpenzi wake.

Mara ya pili vaa hedifoni, na hapa ndo kwenye kazi yenyewe. Usimfuate kiongozi. Narudia, USIMFUATE KIONGOZI, sikio lako litamkimbilia tu Levert kwa sababu ana sauti nzito yenye mikwaruzo, anaimba kama mhubiri aliyeshika moto, halafu Williams akipokea unakuta yake ni laini zaidi, inateleza. Waache wapite. Wewe wafuate wanaoitikia. Chukua wimbo wenyewe wa Back Stabbers: piano inaanza kunguruma chini kama kuna jambo baya linakuja, ngoma zinaingia, vinanda vya nyuzi vinaingia, unasubiri kiongozi aanze ubeti, lakini wa kwanza kufungua mdomo ni waitikiaji! Kiitikio kinatangulia, kinakwambia kuna watu wanakuchekea usoni huku wanaitaka nafasi yako, kikulacho ki nguoni mwako ndo habari yenyewe, halafu ndo kiongozi anakuja kutoa ushahidi. Nenda sasa mpaka mwisho wa albamu, Love Train, utakuta kitu hicho hicho, kiitikio kwanza, ubeti baadaye.

Kwetu ngoma nyingi manju anaanzisha wengine wanapokea, na kwaya zetu solo anaanza wengine wanajaza. Hawa wamegeuza. Waitikiaji ndo wenye nyumba, kiongozi ni mtu anayeingia na kutoka na habari zake. Ukishalisikia hilo mara moja hutaweza tena kuisikiliza kwa namna nyingine, na utaelewa kwa nini nyimbo hizi mbili zilishika watu haraka kiasi kile, Love Train ilifika namba moja Marekani mwaka 1973. Mtu hangoji dakika nzima kujua sehemu ya kuimba naye, anapewa mlangoni.

Jaribu pia kutoa hedifoni upande mmoja, sikiliza kushoto peke yake, halafu kulia peke yake, rudia kipande kile kile. Kuna vitu vitapotea na vingine vitajitokeza, na sauti ambayo ulikuwa huisikii kabisa inaweza kuibuka. Chukua daftari uandike waitikiaji wanaingia neno gani na wananyamaza wapi. Kunyamaza kwao ni muhimu kuliko kuimba kwao, aisee. Hawajazi kila nafasi. Kwaya zetu nyingi zinaogopa kimya, besi wanaunguruma mwanzo mwisho, na ndo maana kiitikio kikija hakina nguvu, kwani kilikuwa kimeenda wapi?

Mkikutana mazoezini anzeni na watu watatu tu, hata kama kwaya ni ya watu arobaini. Mmoja habari, wawili kuitikia. Bila kinanda, bila spika. Tafuteni ufunguo unaomfaa huyo mwimbaji wenu, msing'ang'anie wa kwenye albamu mkaumiza koo za watu. Rekodini kwa simu, msikilize, halafu badilishaneni, aliyekuwa anaitikia awe kiongozi, maana huwezi kuitikia vizuri kama hujawahi kuitikiwa. Wakishaelewana ndo muongeze sauti ya kwanza, ya pili na waliobaki.

Najua kuna kwaya haziruhusu nyimbo za kidunia na mwalimu atauliza mmeitoa wapi hii. Hamhitaji maneno yao. Chukueni pambio lenu wenyewe, lile kila mtu analijua, lianzisheni kwa kiitikio badala ya ubeti, solo aje baadaye na aingie juu ya waitikiaji kabla hawajamaliza. Kanisa zima litakuwa linaimba kabla solo hajafungua mdomo.

Ah na wapenzi wa bendi yetu ya Tabora Jazz na mtindo wao wa segere matata, msinune, nao wana somo lao kwenye uimbaji wa pamoja, lakini hilo linataka siku yake.

Ukishaimaliza hii ruka mpaka 2019, albamu inaitwa The Last Word. Levert na Williams bado wamo, walikuwa wameshapita miaka 70, wa tatu ni Eric Nolan Grant kwa sababu Powell alifariki 1977. Wimbo wa mwisho humo ni I'll Be Sweeter Tomorrow, ambao waliutoa mara ya kwanza 1967. Tafuta zote mbili, piga ya 1967, halafu piga ya 2019 papo hapo bila kuweka wimbo mwingine katikati. Fuata pumzi: wapi kijana anaunganisha mistari na wapi mzee anapumua, na alivyoifanya ile pumzi iwe sehemu ya wimbo. Kama kwenye kwaya yenu kuna mzee ambaye sauti imeanza kukwaruza na mmemsogeza mstari wa nyuma, msikilizishe hizo mbili halafu mpeni ubeti mmoja ajaribu, nyie itikieni taratibu chini yake.